Tepu Moja, Nguvu Tofauti: Jinsi ya Kulegeza na Kukaza Gundi

Tepu ya fundi rangi ikibanduka na ganda la rangi, lawama huiangukia tepu. Mara nyingi gundi ilikuwa kali kuliko ukuta, na ingeweza kulegezwa kabla ya kubandikwa. Gundi hii hushika kwa kugusa: eneo linaloguswa likiwa kubwa, inang'ang'ania; likipungua, inaachia kirahisi.

Kulegeza. Kata kipande cha urefu wa mkono, kibandike kwenye fulana safi ya pamba, kisha kibandue. Ukikielekeza kwenye mwanga utaona vinyuzi vyeupe juu ya gundi. Ndivyo vinavyoizuia isiguse ukuta wote. Mara moja inatosha kwa rangi ya maji iliyokauka vizuri. Ukuta wa chokaa au puti inayotoka unga unataka mara mbili au tatu. Usitumie taulo: manyoya yake ni mengi mno, na rangi itapenya pembeni. Poda ya mtoto nayo inakaa mabongemabonge. Jaribu sentimita 10 nyuma ya mlango kwanza, uache saa moja.

Njia nyingine ni kufunika sehemu ya gundi kwa ukanda wa gazeti, ukabakiza milimita 10 tu ukingoni. Tepu za kwanza za Richard Drew wa kampuni ya 3M, Marekani, mwaka 1925, zilikuwa na gundi kwenye kingo tu.

Kukaza. Hapa adui ni vumbi, mafuta na unyevu, na Dar vyote vitatu vipo. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu kwa spiriti, na subiri dakika 2. Kwanza dondosha tone la spiriti kwenye kioo: likikauka na kuacha alama ya mafuta, hiyo haifai. Kioo cha dirisha la chumba chenye kiyoyozi hutoa jasho upande wa nje. Zima kiyoyozi nusu saa kabla ya kubandika hapo. Kandamiza tepu kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni. Tepu nene ya akriliki ya pande mbili hufika karibu nusu ya nguvu kwa dakika 20, asilimia 90 kwa saa 24, na nguvu kamili kwa saa 72. Ukitundika kioo cha kujitazamia mapema, kinaweza kuanguka.

Kubandua. Vuta tepu ya fundi rangi taratibu ukiikunja nyuma kwa pembe ya nyuzi 45, rangi ingali mbichi kidogo. Ukuta unaopigwa na jua usilaze na tepu ya kawaida. Joto hulainisha gundi, ikazama kwenye vinyweleo vya ukuta na kubaki humo. Mabaki kwenye kioo au chuma hutoka kwa mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni. Ukutani usiyapake, yataacha doa.

Ukinunua Kariakoo, gusa ubavu wa roli. Ukinata na kung'aa, imeshapikwa na jua, chagua nyingine.