Kabla ya Green Cape: kuandaa chombo na mabaharia kwa mbio za Sydney kwenda Hobart

Mtu akialikwa kuingia kwenye mbio za matanga za Sydney kwenda Hobart, jambo la kwanza huuliza ni kasi ya chombo. Mimi humtaka aulize jingine: tukifika Green Cape, nahodha atakuwa na la kusema redioni?

Green Cape ni rasi iliyo kusini mwa jimbo la New South Wales, Australia, mlangoni mwa Bass Strait, mlango-bahari ulio kati ya bara la Australia na kisiwa cha Tasmania, iliko Hobart. Baada ya maafa ya mbio za 1998 iliwekwa kanuni kwamba chombo kisipite hapo bila kuita kwa redio. Nahodha hutamka kuwa redio inafanya kazi, chelezo cha kuokolea watu kipo, injini na betri ni nzima, watu wake wako sawa, na kwamba ameupima utabiri wa karibuni wa hali ya hewa na kuridhika kuwa wataumudu. Kuandaa chombo ni kuliandaa jibu hilo, miezi kadhaa kabla.

Ijue kwanza bahari yenyewe. Mbio hizi zilianza 1945, na kila mwaka vyombo hutoka Sydney saa 7 mchana tarehe 26 Desemba kwa safari ya maili za baharini 628. Mkondo wa mashariki mwa Australia huteremka kusini pamoja nawe, na upepo wa kaskazini-mashariki ukikupata mgongoni usiku wa kwanza, ni raha tupu. Kisha upepo hugeuka. Kusi la huko laweza kuingia kwa dakika chache, likapambana na ule mkondo, na mawimbi yakasimama wima. Ndani ya Bass Strait kina cha maji ni kama mita 60 tu, kwa hiyo wimbi lililotoka bahari kuu likifika hapo hubanwa na kupanda. Dau la mnyonge haliendi joshi. Hapo hata la mwenye nguvu huenda joshi kwa taabu. Mwaka 1998 viliondoka vyombo 115, vikafika 44. Vitano vilizama, watu 55 waliokolewa, wengi wao kwa helikopta, na mabaharia sita walikufa.

Kwenye chombo, anza chini. Kipandishe nchi kavu uutazame mkuku na usukani. Kanuni za kimataifa za mbio za bahari kuu zinataka ukaguzi wa mtaalamu ndani ya miezi 24 kabla ya mbio, lakini jicho lako halikatazwi kutazama kila mwaka. Alama ya kutu inayochuruzika pale mkuku unapoungana na mwili wa chombo, au ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi, haifunikwi kwa rangi nyingine. Ulizia boliti.

Halafu panda mlingoti. Chukua karatasi laini ya chooni, izungushe kwenye waya unaoshikilia mlingoti, uiburute taratibu hadi kwenye kiungo. Uzi mmoja wa waya ukiwa umekatika, karatasi itanasa na kuchanika, hata kama jicho halioni kitu. Nimekuta waya wa namna hiyo siku ambayo wenzangu walishasema mlingoti umekaguliwa. Pini zote zifungwe vizuri, na mkasi wa kukatia waya uwekwe mahali ambapo mkono unaufikia gizani, kwa sababu mlingoti ukivunjika na kuning'inia ubavuni, unaanza kulitoboa boti lenyewe.

Kila tundu linaloingiza au kutoa maji liwe na kizibo cha mti laini, kimefungwa kwa uzi papo hapo pembeni yake. Ndoo ziwe mbili imara, za lita 9 au zaidi, na kila moja iwe na kamba. Aliyewahi kufua maji kwenye jahazi haelezwi kazi ya kamba hiyo.

Matanga ya dhoruba huonewa sana. Hununuliwa, hukaguliwa, hurudishwa mfukoni na kulaliwa juu. Mwaka mmoja tulilifungua letu gatini tukakuta halipandi: vishikizo vyake havikuingia kwenye reli ya mlingoti. Mlingoti ulikuwa umebadilishwa, tanga likabaki la zamani. Lipandishe bandarini, kisha lipandishe nje, usiku, upepo ukiwa noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa), na anayelipandisha awe yule atakayekuwa zamu, si fundi wa matanga.

Jaketi la kuokolea nalo lichukulie kama kitu chenye uhai. Lifungue, lizungushe kopo la gesi ulitoe. Tazama shingo yake kama ina duara la kutu. Liweke kwenye mizani ya jikoni, ulinganishe na uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Likipungua, gesi imevuja na jaketi hilo halitajaa. Lirudishe ulikaze kwa mkono. Kisha jaketi lenyewe lijaze kwa mdomo uliache usiku mzima kwenye kiti. Likilegea asubuhi, badilisha. Mkanda wa kupita kati ya miguu usiukate wala usiuache unaning'inia, kwani bila huo jaketi hupanda usoni na mtu hunywa maji akiwa amelivaa.

Kamba fupi ya mshipi, inayokufunga na chombo, ndiyo inayokuzuia usianguke kabisa. Kila mtu ajizoeze kutoka chini hadi omo bila kuwa huru hata hatua moja: kulabu ya pili inashika kabla ya ya kwanza kuachia. Fanyeni hivyo gatini mkiwa mmefumba macho. Mwaka 2024 baharia mmoja alichukuliwa na wimbi usiku, akawa mbali na chombo zaidi ya kilomita moja kabla wenzake hawajamfikia. Alikuwa na bikoni mwilini, kifaa kidogo kinachotuma ishara ya mahali mtu alipo, na alipatikana hai. Bikoni yako iandikishe kwa jina lako, na ikae mwilini mwako, isikae kabatini.

Chelezo cha kujaza upepo ni lazima kiwepo na kiwe kimehudumiwa kwa wakati. Lakini wasimulieni wageni hili: kati ya wale sita wa 1998, watatu walikuwa wameshatoka kwenye chombo chao kilichozama na kuingia chelezoni, mawimbi yakawanyang'anya humo. Hawakuwa na chaguo. Kwa aliye nalo, chombo kinachoelea bado, hata bila mlingoti, ni bora kuliko chelezo.

Kuhusu watu, kanuni zinataka angalau nusu yao wawe na cheti cha mafunzo ya usalama baharini. Mimi ningewapeleka wote, kwa sababu mwenye cheti ndiye anayeweza kuanguka baharini, wakabaki wasio nacho. Safirini pamoja mara nyingi kabla, usiku ukiwemo. Dawa ya kulevywa na bahari ijaribiwe nyumbani, maana nyingine hulaza mtu usingizi mzito akiwa zamu, na iliwe kabla ya kutoka bandarini. Zamu zipangwe ili kila upande uwe na mtu anayeweza kushika usukani kwenye wimbi kubwa. Na wekeni mstari kwenye sitaha ambao mtu havuki bila kuambiwa: usiku wa kwanza wa mbio za 2024, watu wawili walikufa kwenye vyombo viwili tofauti, kwa ajali za bumu (mti ulio chini ya tanga kubwa) na kamba ya tanga hilo.

Chakula na maji visiwachoshe akili. Pikeni kabla, gandisheni, wekeni biskuti mfukoni mwa kila mtu.

Mwisho, jioni ya tarehe 25, kaeni chini na ramani. Kabla ya Green Cape kuna Eden, ndani ya Twofold Bay, ambako chombo huweza kujihifadhi. Andikeni kwenye karatasi ni upepo gani kwenye utabiri, ni kifaa gani kikiharibika, ni wagonjwa wangapi, vitawafanya mwingie Eden. Karatasi ibandikwe kando ya redio. Na mkikaribia rasi, nahodha awaulize watu mmoja mmoja kabla hajasema lake, akianza na mgeni kuliko wote, kwa sababu huyo akishasikia sauti ya nahodha hatatoa tena ya kwake.