Usimwombee mtu kitu ambacho wewe unacho: namna ya kusali na kutenda wema kwenye siku za kazi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna dada wa jumuiya yetu aliniuliza, dada hivi unawezaje kusali kila siku na maisha haya ya Dar, unaamka alfajiri unagombania gari, unarudi saa 3 usiku umechoka hadi mifupa, watoto wanataka kula, sasa hapo unasali saa ngapi? Nilimjibu harakaharaka tukiwa tumesimama mlangoni, ila nikaona sio yeye peke yake, wengi tunapenda kusali na tunapenda kuwa watu wema ila hatujui pa kuanzia, tunabaki kusubiri mkesha au semina. Kwahiyo naandika hapa vile ninavyofanya mwenyewe na vile nilivyofundishwa na wakubwa zangu.

Kwanza kabisa acha kusubiri upate saa nzima. Petro alipoanza kuzama kwenye maji (Mathayo 14) alisema maneno mawili tu, "Bwana, niokoe", na akashikwa mkono hapohapo. Nehemia yeye alikuwa amesimama mbele ya mfalme, mfalme anamuuliza unataka nini, na Biblia inasema akamwomba Mungu wa mbinguni ndo akamjibu mfalme, yaani sala nzima iliingia kati ya swali na jibu. Kwahiyo ukiwa unapandisha ngazi za ofisi kwenda kuitwa na bosi, ukiwa unasubiri majibu ya vipimo, ukiwa umeshika bomba kwenye mwendokasi na mtu amekukanyaga, hapo pote panatosha. Chagua sentensi yako moja fupi ukae nayo wiki nzima. Mi napenda ile ya mtoza ushuru, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", naisema nikiwa natembea kutoka kituoni hadi dukani na hakuna anayejua.

Lakini hizo fupi hazitoshi peke yake, zinahitaji mzizi, na mzizi ni asubuhi. Mimi mtaani kwetu adhana ya alfajiri ndo saa yangu, jirani zangu Waislamu wakiamka kuswali na mi naamka, wala sihitaji alamu. Alamu ina shida moja, ukishaizima simu iko mkononi na meseji zimeshakuita. Simu naichaji sebuleni, chumbani haiingii. Wenzetu Wakatoliki wana Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na Danieli naye alikuwa anapiga magoti mara 3 kwa siku, kwahiyo hii ya kufunga sala na saa fulani sio jambo geni, funga na kitu ambacho tayari kipo kwenye siku yako, iwe adhana, iwe kengele ya kanisa, iwe kuinjika chai jikoni.

Sasa unasema nini? Kama huna maneno sema Baba Yetu, ila uiseme polepole, sio ile ya kanisani ya kukimbizana na wenzako. Mstari mmoja, unanyamaza, unavuta pumzi, unaenda mwingine. Ukifika kwenye mkate wetu wa kila siku fikiria chakula cha leo tu, unga upo au haupo, usianze kuwaza ada ya mwezi wa kwanza. Na ukifika kwenye msamaha simama kabisa, usipite.

Nitawaambia kwanini. Nyumba tunayopanga tuko familia nne na mita ya LUKU ni moja, kila mmoja anachangia. Kuna mama wa chumba cha mwisho ambaye ana friji, na wote tunajua friji inakula umeme, na huyo mama miezi miwili mfululizo hakutoa hela, nikamlipia mimi, jumla elfu kumi na tano. Nikamnunia. Wiki tatu tunapishana uani kwenye kamba za nguo kama hatujuani. Na kila asubuhi nasali vizuri tu! Sasa siku moja nasema Baba Yetu polepole hivyo kwa kusoma kwenye Biblia, Mathayo 6, na pale imeandikwa "utusamehe deni zetu", sio makosa, deni, na mi kichwani nina deni la elfu kumi na tano la mtu kabisa, mdomo ukagoma. Jioni nikapiga hodi kwake. Akanifungua, akasita, akasema karibu dada. Nikaingia nikakaa, na kile nilichokiona sitakisahau, friji iko wazi mlango umeegeshwa na kigoda, waya umezungushwa juu yake, ndani kwenye zile rafu kuna sare za shule zimekunjwa vizuri, daftari za watoto, na chini pale pa kuwekea mboga kuna viatu. Ilikuwa kabati. Imezimwa siku nyingi. Mume wake kazi imeisha na hakuwa ameniambia kwa sababu nilikuwa nimemnunia, na alikuwa ananionea aibu. Tulikula ugali wake na dagaa usiku ule, na lile deni sikulitaja, nilimwambia tu nisamehe jirani yangu.

Kuanzia hapo ndo nikaanza utaratibu wa daftari, na hiki ndo kitu ninachotamani mtu akishike kuliko vyote humu. Tafuta daftari dogo la kawaida. Kila wiki andika majina matano, zaidi ya hapo utayasoma kama rejista. La ndugu, la mgonjwa, la mtu wa kazini, la mtu uliyemkasirikia (hili usiliruke), na la mtu ambaye hata jina lake hulijui, mfano yule mama wa maandazi pale stendi au mlinzi wa usiku. Mbele ya kila jina acha nafasi. Ukishamwombea kaa kimya kidogo kama dakika moja, uulize, Bwana, na mimi nifanye nini? Kitakachokuja andika pale kwenye nafasi, kiwe kitendo kidogo unachoweza kukimaliza wiki hiyohiyo. Mpigie. Mpelekee ndoo ya maji. Muulize jina lake. Mrudishie sufuria.

Maana Yakobo kwenye sura ya 2 amelisema waziwazi, mtu hana nguo wala chakula halafu wewe unamwambia nenda kwa amani ukaote moto na kushiba, unamwacha vilevile, inafaa nini? Na sisi ndo tunafanya hivyo kila siku kwenye magrupu, mtu anaandika mtoto anaumwa, watu 40 wanaandika tunakuombea, pole, Mungu atatenda, na hakuna aliyeuliza uko hospitali gani, umekula, nani amebaki na wadogo zake. Usimwombee mtu apate nauli wakati nauli unayo. Usimwombee apate wa kumfariji wakati una masaa mawili Jumamosi. Omba vile ambavyo huna, vile ulivyo navyo peleka.

Kwa wagonjwa nikae kidogo maana hapa tunakosea sana kwa nia nzuri. Kabla hujaenda piga simu uulize anaruhusiwa kula nini, usimbebee tu juisi na soda, wagonjwa wengine hawatakiwi sukari kabisa. Vinavyosaidia mara nyingi ni vitu vya kawaida, sabuni, ndala, kanga safi, maji, vocha. Fika muda wa kuona wagonjwa, usikae kitandani kwake, usianze stori za shangazi yako aliyeugua hivyohivyo akafariki. Ukitaka kumwombea muulize kwanza, nikuombee? Akikubali inama karibu, sauti ya chini, dakika mbili, maana wodi ina wengine wana maumivu na wengine sio wa imani yako, Mungu hasikii zaidi ukipaza. Na usisahau yule anayemuuguza. Yule ndugu aliyekaa pembeni amelala kwenye kiti siku ya nne ndo mara nyingi hajaoga wala hajala kitu cha moto, mwambie nenda nyumbani kapumzike, mimi nipo hapa mpaka muda utakapoisha. Mwaka juzi nilipokuwa namuuguza mama yangu mtu mmoja alinifanyia hivyo, na nakumbuka yale maji ya kuoga kuliko maombi yote niliyoombewa wiki ile, na naamini yale maji nayo yalikuwa maombi.

Hapo hapo niseme na hili kwa uzito, tafadhali usimwambie mtu aache dawa kwa sababu mmemwombea. ARV, dawa za TB, za presha, za sukari, mtu anaendelea nazo na mnaendelea kuomba, mwenye kubadilisha dawa ni daktari. Na dada akikuambia anapigwa nyumbani usimjibu vumilia omba tu. Mwombee, halafu msindikize polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, shika mkono wake mwende wote. Kama ni mtoto anaumizwa kuna namba 116 ya kupiga bure, iandike kwenye daftari ukurasa wa kwanza.

Msibani tunajitahidi, hilo nakubali, watu wa kwetu siku ya kuzika wanajaa. Shida ni siku ya tano, turubai limeng'olewa, viti vimerudishwa, mjane yuko na sufuria kubwa zisizo zake na nyumba imekuwa kimya. Nenda siku ile. Usiende na mahubiri, nenda na sabuni uoshe vyombo, mkichoka kaeni, akitaka kumzungumzia marehemu msikilize hata kama amesharudia stori mara tatu.

Njiani wema ni mwepesi zaidi. Umepata siti, aliyesimama ana begi, mwambie lete nikupakatie. Konda msalimie kabla hajakudai nauli. Mzee akiingia nyanyuka tu, usisubiri kijana mwingine anyanyuke. Na Ramadhani kama unaishi na Waislamu punguza redio yako ya kwaya jioni wakati wanafuturu, na wakikuletea sahani ya futari usirudishe sahani tupu.

Mtu ataniuliza, sasa nikifanya hivi kwa kila mtu si nitaisha? Msome vizuri yule Msamaria wa Luka 10. Alimfunga jamaa majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akamuuguza, kesho yake akatoa dinari 2 akampa mwenye nyumba, akasema kikizidi nitalipa nikirudi, halafu akaendelea na safari. Hakuuza mnyama. Hakuacha safari yake. Alimshirikisha na mtu mwingine. Kwahiyo kumwambia mtu hela yote hiyo sina ila nina elfu tano na sikudai, ni wema kamili. Kukopesha hela ya ada ya mwanao halafu ukaja kumchukia uliyemkopesha, hapo umejitengenezea deni la moyoni.

Na ukishatoa nyamaza. Mathayo 6 imeweka sadaka na sala pamoja, zote kwa siri, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia, na ukisali funga mlango. Usimpige picha mtu anapokea unga. Ukituma hela kwenye simu futa ile meseji ya muamala, maana siku mtakayokosana utaitafuta.

Kuna siku sala haitaki. Unapiga magoti hakuna kitu, unasikia feni tu. Usijilazimishe maneno mazuri, fungua Zaburi ya 13 inayoanza "Ee Bwana, hata lini", na hayo ya mtu mwingine yawe yako. Au sali kwa lugha ya nyumbani kwenu. Bibi yangu alikuwa anasali Kichaga hata mbele ya mchungaji, na mi nikizidiwa Kiswahili kinakauka, kile Kichaga changu cha kuungaunga ndo kinatoka, na nalia vizuri.

Usiku mi nafanya kidogo sana maana nimechoka, nikishalala chali nataja vitu vitatu vya kushukuru vya leo hiihii, vyenye sura kabisa, sio asante kwa uzima basi, halafu namtaja niliyemuumiza, na nalala. Watoto waache wasali kwa maneno yao, usiwasahihishe wakimwombea kuku.

Daftari likijaa usilitupe. Kila baada ya miezi mitatu hivi mi hukaa nalo Jumapili mchana nikapitia majina. Waliopona nawawekea tiki, waliopata kazi tiki, yule mume wa jirani yangu alipata kibarua bandarini, tiki, na friji inawaka siku hizi. Kuna ambao nimewawekea msalaba mdogo pembeni, hao tuliwazika, na mbele yao ile nafasi haiko tupu, nimeandika namba ya mjane au ya mtoto aliyebaki, ikifika tarehe napiga.