Kuchagua Gitaa la Umeme na Besi Kisumu: Anzia Kwenye Spika

Wapiga gitaa wa kujifurahisha, wale wanaoshinda kazini wiki nzima kisha wakakutana Jumamosi jioni sebuleni kwa mmoja wao au kanisani baada ya mazoezi ya kwaya, hupenda kubishana kuhusu gitaa lenyewe: ni la kampuni gani, lina umbo gani, limechongwa kwa mti gani. Mabishano hayo yana raha yake na mwongozo huu haukusudii kuyazima. Hata hivyo, anayenunua vifaa Kisumu, Kakamega au Nakuru kwa pesa za kuhesabu atafanya vyema kuanza upande wa pili wa kebo, yaani kwenye spika na mahali itakapowekwa, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye gitaa. Gitaa la bei ya chini lililorekebishwa vizuri huridhisha likipata amplifaya nzuri, ilhali gitaa la kifahari likipita kwenye spika iliyochanika hubaki kuwa kelele.

Mahali pa kupigia

Mpigaji wa nyumbani, hasa aliyepanga chumba ambacho ukuta wake ni wake na wa jirani, anatosheka na amplifaya ya wati 10 hadi 20 yenye tundu la hedifoni. Kundi lenye dramu hudai zaidi: wati 30 hadi 50 kwa gitaa, na kwa besi nisingeshuka chini ya wati 100, ikiwezekana 200, zikiwa na spika ya inchi 12 au 15. Tofauti hii haitokani na majivuno ya wapiga besi. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa, ukipigwa wazi, hutetema takribani mara 82 kwa sekunde. Ule wa besi hutetema mara 41, na kuisukuma hewa polepole namna hiyo hadi isikike nyuma ya ukumbi kunahitaji spika pana na nguvu nyingi. Tena wati zenyewe hudanganya. Kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua bila kustaajabu, kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba wati maradufu ni sauti maradufu, mwombe awashe zote mbili usikilize.

Besi isichomekwe kwenye amplifaya ya gitaa na kufunguliwa sauti, kwa kuwa sauti nzito huisukuma spika mbele na nyuma kuliko ilivyoundwa kuvumilia, na karatasi yake huchanika. Kinyume chake hakina hatari: gitaa kwenye amplifaya ya besi husikika limefifia kidogo, lakini hakuna kinachoharibika. Kundi ambalo lina pesa za amplifaya moja tu basi linunue ya besi.

Kanisani mambo ni mengine, maana mara nyingi hakuna amplifaya ya jukwaani. Kuna miksa na spika mbili kubwa. Gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la miksa hulia jembamba na bila uhai, kwa sababu pikapu, yaani kile kipande cha sumaku na koili kinachonasa mtetemo wa nyuzi, haina nguvu ya kuendesha tundu la aina hiyo. Kifaa cha kulitatua huitwa DI boksi. Hicho huyageuza mawimbi dhaifu ya gitaa yakaweza kusafiri kwenye kebo ya maikrofoni, hata ya mita 30, na kufika kwenye miksa yakiwa yamekamilika. Kwa mpiga besi wa kanisani, DI boksi ni ununuzi wa pili baada ya besi yenyewe, kabla ya pedali (kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti) ya aina yoyote. Kwa mpiga gitaa haitoshi peke yake, kwani spika ya gitaa huyakata makali yaliyo juu ya mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde na spika za kanisani haziyakati. Atafute pedali yenye uwezo wa kuiga spika ya gitaa, la sivyo waumini watasikia mkwaruzo kama wa kucha juu ya bati.

Muziki unaopigwa

Mtu wa Nyanza au wa Magharibi anaposoma ushauri wa Wamarekani na Waingereza kuhusu vifaa hukuta maelezo mengi juu ya pedali za kukwaruza sauti, kwa kuwa roki ndiyo inayowashughulisha wenyewe. Benga haidai hayo. Gitaa la solo katika benga lilichukua mwendo wa nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi 8, ambacho kila noti hukatika waziwazi kabla ya inayofuata kuingia; kwa hiyo sauti inayotakiwa ni safi, yenye makali, isiyoburura. Gitaa lenye pikapu za koili moja, la umbo la Stratocaster ambalo kampuni ya Fender ililileta mwaka 1954 au la Telecaster iliyolitangulia, hufika hapo bila taabu. Chagua pikapu iliyo karibu na daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, au ile nafasi ya swichi inayounganisha pikapu mbili, punguza sauti nzito kwenye amplifaya ili usimkanyage mpiga besi, kisha weka mwangwi mdogo tu. Anayependa rumba aongeze pedali moja ya korasi, inayoifanya sauti isikike kama ya magitaa mawili. Zaidi ya hapo ni anasa, ingawa sijaona mtu aliyeachana na pedali kwa kuambiwa hivyo.

Koili moja ina aibu yake: huvuma. Taa za mrija, chaja na transfoma huingia katika pikapu, na ukigeuka ukiwa na gitaa kifuani utasikia mvumo ukipanda na kushuka. Seth Lover, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, alibuni mwaka 1955 pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa nyingine, na kufikia 1957 pikapu hizo zilikuwa kwenye gitaa lake la Les Paul. Sauti yake ni nene na ya mviringo zaidi. Katika ukumbi wenye nyaya za umeme za zamani, mpigaji anayechagua koili mbili ana hoja nzito kuliko hoja ya ladha, na makali yaliyopungua anaweza kuyarudisha kiasi kwenye amplifaya.

Sasa besi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ingefaa kupewa fungu kubwa la bajeti katika muziki wa kwetu. Katika benga besi haijifichi nyuma. Hujibizana na solo, huruka na kuacha mapengo, na mchezaji aliye sakafuni huifuata hiyo. Kuna mitindo miwili inayonakiliwa na karibu kila kiwanda, na yote ni ya Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz Bass ya mwaka 1960. Precision hutoa sauti moja, nene, isiyopotea hata dramu zikivuma, na ni vigumu kuiharibu kwa kuzungusha vitufe ovyo. Jazz ina pikapu mbili na shingo iliyo nyembamba mwanzoni, milimita 38 hivi, na ukizifungua pikapu zote mbili kila noti husikika imechorwa ukingo. Kwa benga ningechukua Jazz. Kwa kwaya na nyimbo za sifa zinazokwenda polepole ningechukua Precision. Mwenye vidole vifupi, au mzazi anayemnunulia kijana wa darasa la saba, aulizie besi fupi yenye urefu wa uzi wa inchi 30 badala ya 34 za kawaida.

Wapiga besi wengi wa kanisani hutamani nyuzi tano, kwa sababu waimbaji hupenda ufunguo wa D au E flati na uzi wa nne wa kawaida huishia E. Tamaa hiyo ina msingi, lakini uzi wa tano hutetema mara 31 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuutoa. Mpigaji huhisi mtetemo tumboni mwa chombo huku wasikilizaji wakipata kimya. Tena besi za bei ya chini za nyuzi tano mara nyingi huwa na uzi wa tano uliolegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nyuzi nne zilizo imara ni bora.

Kukikagua chombo kabla ya kulipa

Hapa ndipo wengi hukurupuka. Liangalie gitaa kwanza bila kulichomeka. Lishike kama bunduki, jicho likiwa upande wa kichwa, uitazame shingo kwa urefu wake: iwe imenyooka, bila kujipinda kama propela, kwa sababu pindo la namna hiyo halirekebishiki kwa gharama ya maana. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni) kwa kidole kimoja, na kwa kidole cha mkono wa pili kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na mwili. Chungulia freti ya saba au ya nane: kati ya uzi na chuma pabaki mwanya wa unene wa kadi nyembamba. Mwanya mkubwa mno unamaanisha kuwa shingo imevutwa mbele na nyuzi, na fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo inahitaji kukazwa, robo ya mzunguko kwa wakati, ukipima tena kila mara. Pasipokuwa na mwanya wowote, fimbo hiyo hulegezwa kwa hadhari ileile. Ukikutana na ukinzani mkubwa, acha, na umtafute fundi.

Baadaye pima kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Kwa gitaa, milimita 1.6 hadi 2 upande wa uzi mnene ni starehe; kwa besi, milimita 2 hadi 2.5. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo ya 12, uuache ulie, kisha ubonyeze kabisa palepale na upige tena, huku programu ya kutuni ya simu ikiwa imewashwa. Noti mbili hizo zinapaswa kuwa moja. Ile iliyobonyezwa ikipanda juu, kishikilio cha uzi huo kwenye daraja kirudishwe nyuma kwa bisibisi. Ikishuka, kisogezwe mbele. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya jaribio hili ana sababu yake.

Chomeka sasa. Zungusha kila kitufe taratibu usikilize mikwaruzo, tikisa plagi kwenye tundu la kebo, piga kila uzi kwenye kila freti. Kitufe kinachokwaruza na tundu lililolegea ni kazi ya fundi wa redio na chuma chake cha kulehemu, na yeyote anayetengeneza redio Kibuye au Kondele anaweza kuimaliza kwa muda mfupi. Tumia kasoro hizo kupunguza bei, usizitumie kukataa chombo. Freti zilizoliwa hadi zikawa na mifereji chini ya nyuzi ni jambo jingine, na hilo ndilo la kukufanya uondoke. Besi ikiwa na betri ndani, fahamu kwamba betri huanza kutumika mara kebo inapochomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Ichomoe kebo kila unapopumzika, kabla haijazimika katikati ya sebene.

Umeme

Amplifaya ya mtumba iliyotoka Marekani hutaka volti 120, na ya Japani volti 100, wakati soketi zetu hutoa 240. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Kosa hapa halina marekebisho ila transfoma mpya. Kwa sababu ya umeme unaoruka na kurudi kwa kishindo, simshauri mpigaji wa kujifurahisha anunue amplifaya ya valvu, yaani mirija ya kioo ya mtindo wa zamani, hata kama sauti yake ndiyo inayosifiwa na kila mtu. Valvu huchoka, na kupata jozi mpya huku kwetu kunamaanisha kuagiza kutoka mbali. Amplifaya ya transista, ikiwa nyuma ya stebilaiza kama ile ya friji, hukaa miaka mingi.

Plagi ya pini tatu isikatwe wala pini ya ardhi isitolewe eti mvumo upungue. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ardhi kupitia daraja, na ndiyo maana mvumo hutulia unapozigusa. Ukumbi ukiwa na soketi isiyo na ardhi, mpigaji anayeimba anaweza kuhisi maikrofoni ikimchonyota midomoni huku mkono ukiwa kwenye nyuzi. Hiyo ni dalili ya kuzima kila kitu na kumwita fundi umeme siku hiyohiyo. Pedali nazo nyingi hutaka volti 9 zenye ncha ya katikati hasi. Adapta yenye mpangilio wa kinyume huweza kuua pedali mara moja, kwa hiyo tazama mchoro mdogo uliochapishwa kando ya tundu.

Kebo na nyuzi

Kebo ya mita 3 hadi 6 yenye plagi za chuma inatosha, kwani kebo ndefu mno huyameza makali ya gitaa. Kebo ya gitaa isitumiwe kuunganisha amplifaya na spika, maana uzi wake wa ndani ni mwembamba na hupata moto.

Kwa gitaa, seti ya nyuzi yenye unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi) inafaa wengi. Kwa besi, 45 hadi 105. Nyuzi bapa za besi zina mlio mzito wa zamani na haziungurumi chini ya vidole, ila mpiga benga atakosa ule ukali wa noti. Hewa ya Kisumu ina unyevu wa ziwa, na nyuzi hushika kutu upesi kuliko Nakuru, kwa hivyo zifute kwa kitambaa kikavu juu na chini kila unapomaliza kupiga. Seti za besi si za kukuta katika kila duka la vyombo, na ni busara kununua ya akiba siku ileile unayonunua besi.