Kusafisha vyuma vilivyopoteza rangi kwenye gari la zamani, Malindi

Gari la zamani linalolazwa karibu na bahari hapa Malindi huliwa na chumvi hata lisipoendeshwa, hasa msimu wa kusi, upepo unaposukuma vinyunyu vya mawimbi mpaka ndani ya banda. Kabla ya kushika dawa yoyote, tambua kwanza kila kipande ni cha madini gani, kwa kuwa kinachong'arisha kimoja huharibu kingine. Sumaku hunasa chuma, hata kikiwa kimepakwa kromu au zinki, lakini hainasi alumini wala shaba. Vitasa vingi vya milango ya zamani navyo havinaswi, kwani ni zinki iliyopakwa kromu, na asidi ikipenya kwenye vitundu vyake huila zinki kutoka ndani.

Osha gari kwa sabuni laini na maji mengi matamu. Maji ya visima vya karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua, kisha ukaushe kwa kitambaa.

Kromu ndiyo inayohitaji subira kubwa. Utando wake kwa kawaida haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, na vidoa vya kutu unavyoviona ni chuma cha chini kinachopumulia kwenye vitundu. Finyanga karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iloweshe maji, usugue polepole; alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi. Msasa na waya wa kusugulia sufuria usiviguse kabisa. Kromu iliyobanduka haiponi kwa kusugua, bali hupakwa upya na fundi. Vipande vyake hukata, na vumbi lake likisagwa kwa mashine hudhuru mapafu.

Bodi ya Land Rover za zamani kwa sehemu kubwa ni alumini, na sabuni kali zenye kostiki huichimba. Bampa zake zilizochovywa zinki ziachwe na rangi yake ya kijivu, maana utando huo wa kijivu ndio kinga yenyewe, na siki au ndimu huiyeyusha. Shaba hung'aa kwa ndimu na chumvi kama sinia, mradi isuuzwe papo hapo.

Fanya kazi mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa na waya wa hasi wa betri umefunguliwa, ukiwa na glavu na miwani. Usichanganye kamwe Jiki na siki wala asidi yoyote, kwani hutoa gesi ya klorini. Epuka pia dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozini na maumivu yake yaweza kuchelewa.

Mwisho paka nta juu ya kromu, shaba na alumini, na wakati wa kusi uirudie mara kwa mara.