Kusoma teolojia kwa Kanuni ya Imani ya Nikea: wiki 16, kutoka Kwaresima hadi Utatu Mtakatifu

Wengi wanaotaka kujifunza teolojia bila kwenda chuoni huanza na kitabu kinene cha mafundisho, wakakiacha sura ya pili. Njia nyepesi zaidi ni kuanza na maneno yanayotamkwa kanisani: Kanuni ya Imani ya Nikea, yaani ungamo la imani. Vifungu vingi vya Kanuni ya Nikea viliandikwa kwa sababu kulikuwa na mtu anayefundisha kinyume chake. Ukimjua huyo mtu na hoja zake, kifungu kinafunguka.

Unahitaji Biblia yenye marejeo, kaunta buku moja, na mtu mmoja wa kumpelekea maswali: padre, mchungaji, katekista au mwinjilisti.

Hatua ya 1: Nakili Kanuni kwa mkono

Nakili kutoka kitabuni, usiandike kwa kumbukumbu. Mkatoliki ataikuta kwenye Misale ya Waumini. Mlutheri na awe mwangalifu: sharika nyingi husema Imani ya Mitume Jumapili za kawaida, nayo ni fupi na haina vifungu tutakavyovihitaji. Acha kurasa tatu tupu baada ya kila kifungu.

Hatua ya 2: Panga ratiba kwa kalenda ya Kanisa

Anza Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Wiki ya 1 ni Baba Mwenyezi, ya 2 Muumba, ya 3 Bwana mmoja Yesu Kristo. Wiki ya 4 na ya 5 ni "Mungu kweli" na "umungu mmoja na Baba". Ya 6 ni kutwaa mwili. Hapo mateso yataangukia Jumapili ya Matawi, wiki ya 7, na ufufuko Pasaka yenyewe.

Baada ya Pasaka tunaruka mpangilio wa Kanuni kwa makusudi. Wiki ya 9 soma ubatizo mmoja, maana wakatekumeni wamebatizwa juzi tu katika mkesha na maswali waliyoulizwa bado yako masikioni. Wiki ya 10 na 11 ni Kanisa, pamoja na Matendo ya Mitume. Ya 12 na 13 ni ufufuko wa wafu: 1 Wakorintho 15 ina aya 58, haimezwi kwa siku moja. Ya 14 ni kupaa na kuja tena, kwa sababu Matendo 1:11 inayafunga yote mawili. Ya 15 ni Roho Mtakatifu, Pentekoste. Ya 16 ni Utatu.

Hatua ya 3: Vikao vitatu kwa wiki, dakika 40 kila kimoja

Kikao cha kwanza: soma sura nzima iliyobeba kifungu, si aya moja. Cha pili: fuata marejeo na uandike aya mbili zinazounga mkono na moja inayosumbua. Hiyo inayosumbua ndiyo inayokufundisha. Cha tatu: andika sentensi tano kwa maneno yako, kisha swali moja. Swali liandikwe, la mdomoni husahaulika mlangoni mwa kanisa.

Hatua ya 4: Usiharakishe wiki ya 4 na ya 5

Arius, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Hakukosa aya: alikuwa na Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", na Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Zisome kwanza kama yeye, kwa haki, mpaka uone nguvu ya hoja yake. Kisha soma Wakolosai 1:16-17, Yohana 1:1-3 na 20:28. Kama vitu vyote viliumbwa kwa yeye, hawezi kuwa mmoja wa hivyo vitu.

Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulitumia neno la Kigiriki *homoousios*, ndilo "umungu mmoja" katika Kanuni, ambalo halimo katika Biblia, na baadhi ya maaskofu lilikuwa likiwakereketa. Mtaguso ulilihitaji kwa sababu wafuasi wa Arius waliweza kukubali maneno ya Biblia na kuyapa maana yao. Athanasius, aliyekuwepo kama shemasi na kuwa askofu wa Aleksandria mwaka 328, alifukuzwa mjini mara tano akilitetea fundisho hilo. Mkatoliki asome pia Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 465.

Mahali watu wanapokwama

Mifano ya Utatu. Maji, barafu na mvuke ni mfano unaopendwa sana, nao unakupeleka moja kwa moja kwa Sabelius, aliyesema Baba, Mwana na Roho ni sura tatu za mmoja yuleyule. Marko 1:9-11 inaukataa: Mwana yuko majini, Roho anashuka, Baba anasema, wakati mmoja. Yai nalo halifai, maana ganda peke yake si yai. Acha mifano, shika maneno ya Kanuni.

Wiki ya 15 huleta ubishi kundi likiwa na wa madhehebu mbalimbali. Matini ya 325 iliishia kwa kumtaja tu Roho Mtakatifu; maelezo yaliyofuata ni ya Mtaguso wa Konstantinopoli, 381, yasemayo anatoka kwa Baba. "Na Mwana" iliongezwa Magharibi, na Roma ikaanza kuiimba katika Misa mwaka 1014. Waothodoksi wa Kenya na Uganda, walio chini ya Patriarki wa Aleksandria, hawaisemi. Someni Yohana 15:26 na 16:14-15, kila mmoja aeleze msimamo wa mwenzake kabla ya wake.

Kundi lisizidi watu wanane. Wakizidi, wawili watahubiri na wengine watasikiliza.

Wiki ya 16

Andika ukurasa mmoja unaoeleza Kanuni nzima, uwasomee vijana wa kipaimara au wa jumuiya yako. Sentensi watakayoomba urudie mara mbili, weka alama, kisha rudi kwenye vikao vya wiki yake.