Namna ya Kuweka Jiwe la Kumbukumbu la Mume na Mke Wanasiasa Mjini Tukuyu

Kabla ya kumtafuta fundi, kubalianeni na familia kwa maandishi, kisha pelekeni ombi kwa serikali ya mtaa na halmashauri ya wilaya. Iwapo jiwe litasimama kando ya barabara, ulizeni pia TANROADS au TARURA, kulingana na anayeisimamia barabara hiyo.

Kazi ngumu ni maandishi. Mara nyingi mume huorodheshewa vyeo vyote na mke akabaki kuwa "mke wa" fulani, hata kama naye aliandikisha wanachama wa TANU na kugombea kiti kwa jina lake mwenyewe. Mpeni mistari yake, jina la ukoo wa kwao likiwemo. Kila mwaka unaotajwa uthibitishwe kwa kadi ya chama, Taarifa Rasmi za Bunge au picha yenye tarehe nyuma. TANU ilianzishwa Julai 7, 1954, nayo CCM Februari 5, 1977, kwa hiyo diwani wa mwaka 1965 hawezi kuandikwa kuwa wa CCM.

Shaba hupendeza, lakini huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chagueni granaiti, na herufi zichongwe kwa kina, kwani mvua za Tukuyu hazichelewi kuondoa rangi iliyopakwa juu juu. Msingi wa zege uinuke hadi magotini ili matope yasirukie maandishi, nao uso wake wa juu uwe na mteremko wa kumwaga maji. Rasimu isomwe kwa sauti na mtu asiyewafahamu wanandoa hao kabla fundi hajashika patasi.