Mkitoka Tanga kwenda Lushoto kwa pikipiki

Washkaji mnaosafiri pamoja, mwenye pikipiki ndogo au mgeni wa njia akae wa pili, nyuma tu ya kiongozi. Mwendo wake ndio mwendo wa wote. Akiachwa mkiani atakimbiza kuwafikia, na hapo ndipo watu wanaanguka. Kila mmoja amwangalie wa nyuma yake kwenye saitimira; njia panda ya Segera na ya Mombo, usikate kona mpaka akuone.

Mlima wa Lushoto ni mzuri mno, ila kurudi ndiko kunahitaji akili. Achianeni nafasi, shukeni mstari mmoja, gia ya pili, injini iwazuie. Ukikanyaga breki mteremko mzima zinapata moto, zinaacha kushika.